Thelathini na Tatu Kabla ya Kuzima

Yaya wangu mpendwa, kaka yangu mkubwa Ramazani,

Salamu za mdogo wako zikufikie huko uliko, ambako posta haifiki. Ndiyo sababu barua hii naiandika wazi, kila mtu aisome, kuanzia hapa Kindu mpaka Tunda. Wako watu waliosema kwamba gari lako lilikufa njiani, na nataka wajue walisema nini. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nimelisema hilo kwa miaka zaidi ya ishirini, mara nyingi nikiwa peke yangu.

Yaya, turbo yako imerudi.

Najua ungekuwapo ungenikatiza: “Salimia wantu kwanza, mudogo, halafu uanze na vyuma yako.” Haya, nasalimia. Mimi ni mzima. Magoti yananiuma, na sasa navaa miwani ili nione nyuzi za bolti. Gereji ipo palepale mtaani Mikelenge, ila paa tulilibadilisha, na kazi nyingi siku hizi ni pikipiki. Mama alitutoka. Nitakueleza habari zake kwa zamu yake, usinikimbize.

Unaikumbuka pikapu yetu? Ilizaliwa nyeupe, lakini sisi tuliipata ikiwa haina rangi ya kutaja. Vita vilikuwa vimeufunga mji. Treni haikuja tena, majani yakaota katikati ya reli, na chumvi ikawa inapimwa kwa kijiko. Wewe ulikuwa dereva, mimi fundi, na baba aliyetufundisha kazi ya mikono sote wawili, tangu enzi zake za karakana ya reli, tulikuwa tumeshamzika. Tulibaki na injini ya dizeli isiyo na nguvu na barabara ya Kibombo yenye matope na milima. Ukienda na chumvi, ukirudi na mpunga, kila mlima abiria walishuka kusukuma. Siku moja ukaingia uani umekumbatia turbo uliyoifungua kwenye lori lililoungua upande wa Kampene, mikono yote myeusi, meno nje.

“Fundi, funga hii. Nimechoka kusema pole kwa wantu kila mulima.”

Nikakwambia injini yetu haikuzaliwa na turbo.

“Na miye sikuzaliwa na viatu,” ukanijibu. “Funga.”

Kwa wasomaji wasioijua kazi hii niseme kidogo. Turbo ni gurudumu linalozungushwa na moshi wa injini ili liisukumie injini hewa. Linazunguka kasi kupita kitu chochote tulichowahi kushika, na mhimili wake haukalii kitu isipokuwa mafuta. Mafuta yakikatika kwa muda wa mtu kupiga chafya mbili, mhimili unaanza kula pete zake za shaba, na hapo kwaheri. Basi kuifunga turbo kwenye injini isiyo yake ni kazi ya mafuta zaidi kuliko kazi ya vyuma: yaingie kupitia wapi, kwa nguvu kiasi gani, na yatoke vipi.

Ya kuingia tuliyachukua pale kinapokaa kile kidude kinachowasha taa ya mafuta mbele ya dereva. Bomba la shaba tulilitoa kwenye friji ya baa iliyofungwa, nikalikunja kwa goti langu, na ukanicheka kwa sababu lilitoka na upindo wa goti. Ya kutoka, tulitoboa karteri, lile bakuli la mafuta chini ya injini, tukachomea mdomo wa bomba. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Bomba la kurudishia niliacha lining’inie na tumbo katikati. Tulipowasha, mafuta yakajaa kwenye turbo, yakakosa pa kwenda, yakaingia kwenye bomba la moshi. Mtaa mzima ukawa wa bluu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akikohoa: “Munachoma nini huko? Munachoma nyumba?” Wewe ulikuwa umekaa chini unacheka mpaka machozi.

Ulipomaliza kucheka, ukalala chali chini ya gari, ukaliangalia lile bomba, ukasema neno ambalo nalirudia kwa kila anayekuja kujifunza kwangu: “Mafuta inaingia na nguvu ya pompi, lakini inatoka na uzito yake tu. Uiachie njia ya kushuka.” Tukalinyoosha. Moshi ukaisha.

Kosa la pili ndilo lililotugombanisha. Presha ya mafuta ilikuwa kubwa mno kwa turbo ile. Mafuta yalipenya kwenye mihuri, zile pete za kuyazuia yasivuje, na kulowesha bomba la hewa. Nikachukua bolti ya kuingizia mafuta, nikaijaza kwa kulehemu, kisha nikaitoboa upya kwa keke ndogo kuliko zote nilizokuwa nazo. Tundu lake lilikuwa la kupitisha sindano ya kushonea magunia, na sindano yenyewe kwa kulazimisha. Nikaipiga alama tatu za tupa kichwani ili nisiichanganye na nyingine. Ukaishika, ukaielekeza kwenye jua, ukafunga jicho moja.

“Hii tundu iko kadogo sana.”

“Iko sawa,” nikasema.

“Na mafuta ya siku hizi, yenye michanga? Siku moja kichafu kimoja tu kitaziba, na turbo itakufa kiu.”

“Nani fundi hapa?”

Wewe ndiye mkubwa, ungeweza kuniamuru, lakini ulinirudishia bolti mkononi na kuniambia: “Weye njo fundi.” Yaani mimi ndiye fundi; ulisema kwa heshima kabisa, na ndiyo maana neno hilo liliniuma sana baadaye.

Tangu siku hiyo mlima ukawa tambarare kwako. Pia ukaanza ile desturi yako iliyokufanya ujulikane barabara nzima. Nilikuwa nimekuonya kwamba turbo iliyotoka kupanda mlima haizimwi ghafla. Injini ikizimwa, pompi inasimama, mafuta yaliyobaki ndani yanaungua juu ya chuma chekundu na kuganda kuwa ukoko mweusi. Uiache injini ingurume polepole kwanza, turbo ipoe. Ukaniuliza kwa muda gani, nikasema karibu dakika moja au zaidi kidogo. Saa yako wenye bunduki walikuwa wameshakuvua kwenye bariyeri, kizuizi chao cha barabarani. Basi ukachagua Subhanallah thelathini na tatu, taratibu, kwa vidole juu ya usukani, ndipo unazima. Abiria hawakuruhusiwa kukuharakisha. Katekista mmoja wa Kibombo akakuuliza: “Sisi hatuna ile ya kwenu. Salamu Maria kumi, turbo itakubali?” Ukamjibu: “Itakubali, baba. Hii haina dini, inaomba mafuta tu.”

Hata kwenye bariyeri ulikuwa huzimi. Wenye bunduki walitaka kimya, na wewe ukawaomba kwa lile tabasamu lako: “Shefu, niache nimalizie tu, mashine itakufa.” Mara nyingi walikuacha. Ulinisimulia kijana mmoja wa bunduki aliyehesabu pamoja nawe kwa sauti, akakosea kwenye kumi na tisa, ukamrudisha mwanzo. Nilicheka. Lakini moyoni nilikuwa nikikuogopea, na sikukwambia.

Yako mengine ambayo sikukwambia, yaya. Hili ninalolisema sasa sikumwambia hata mama.

Ile asubuhi ya mwisho ulikuwa unakwenda Tunda kumchukua mama. Alikuwa ameenda huko kuvuna mpunga wake, na habari za upande ule zilianza kuwa mbaya. Ulikuwa msikitini kwa sala ya alfajiri. Mimi nilipima mafuta ya injini: kijiti kilitoka kikavu karibu mpaka mwisho. Nilizunguka kwa mafundi wote wa jirani. Hakuna aliyekuwa na hata kikombe. Nikarudi, nikasimama jikoni, nikaona chupa za mama za mawese.

Sote tunajua asubuhi ya baridi mawese yanaganda chupani, mpaka uyaote jua au uyaweke karibu na moto. Nilijua. Niliyapasha, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikamimina chupa moja na nusu ndani ya injini. Nilijiambia yatachanganyika na mengine, yatapata joto, yatakufikisha, na Kibombo utapata ya kweli. Ulipotoka msikitini ukaniuliza kama mafuta yametosha. Nikasema: “Yametosha.” Sikusema ni mafuta gani. Niliogopa ungekataa kuondoka, na mama yuko kule. Niliogopa pia ungeniangalia kama ulivyoiangalia ile bolti.

Ukawasha. Ukaipandisha presha taratibu kama nilivyokufundisha. Ukaniambia, “Pikeni mingi, mama atakuja na njaa.” Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu.

Siku ya nne watu wa baiskeli waliotoka huko walileta habari. Gari la Ramazani limeonekana limesimama porini, kabla ya kufika Kibombo. “Gari ilikufa,” wakasema. “Dereva hatukumuona.” Kwangu mimi ilikuwa hukumu. Nikaona wazi namna ilivyokuwa: mawese yameganda ndani ya bomba la shaba, tundu langu dogo limeziba, turbo imekosa mafuta, vyuma vimekatika vikaingia injini, nawe umeachwa peke yako njiani kwa watu wasio na huruma. Nilijua hata sauti iliyotoka turbo ilipovunjika. Miaka yote hii nimeisikia sauti ambayo sikuwepo kuisikia.

Mama alikuja mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, kwa miguu, nyuma ya baiskeli za mpunga. Alikusubiri kando ya barabara pale Tunda mpaka watu wakamwondoa. Aliishi nami mpaka mwisho wake na hakunilaumu hata mara moja. Aliniuliza mara moja tu, tukichambua mchele: “Ile gari yenu, iliharibika nini?” Nikajibu, “Sijui, mama.” Akaendelea kuchambua. Yaya, nilimdanganya mama yetu akiwa na ungo mapajani, na akafa na uongo wangu.

Na tangu siku ile sijafunga turbo kwenye gari la mtu. Wakija nawaambia siijui kazi hiyo. Mji mzima unajua kwamba naijua.

Wiki tatu zilizopita akaja Mzee Amisi, mwenye baiskeli, anayeleta mpunga kutoka upande wa Tunda. Alifungua gunia, akatoa chuma kilichojaa vumbi. “Fundi, angalia hii kitu. Kwetu njo inazuia mulango, miaka mingi. Mujukuu wangu anasema ni pompi ya maji. Ni kweli?”

Nilikipokea. Kidole changu kikagusa zile alama tatu kabla ya macho yangu kuziona. Bomba la shaba lilikuwa bado limeshika bolti, na lile goti langu bado limo kwenye upindo wake.

Nilikaa chini. Mzee akadhani naumwa, akaita maji. Nilipoyanywa, nikamuuliza alikitoa wapi. Akanieleza kwamba gari lilikutwa limesukumwa porini, juu ya ule mlima mrefu kabla ya kufika Kibombo, watu wakalifungua kidogo kidogo kila mmoja kwa haja yake. Nikamwambia, lile gari lilikufa pale, si ndivyo? Akatikisa kichwa.

“Nani alisema ilikufa? Wale wa baiskeli? Wale walipita mbio, baba. Siku zile ukiona gari imesimama mu pori, unasema imekufa, unapita. Haungesimama kuiuliza.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kama watu wa umri wake wanavyosema mambo ya siku zile: “Pale juu kulikuwa bariyeri.”

Nilimwomba aniachie chuma kile. Siku mbili sikukigusa. Niliogopa, yaya, na nakwambia wazi: nilikuwa mtu mzima mwenye mvi anayezunguka meza yake mwenyewe. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nilifunga mlango wa gereji, nikavaa miwani, nikafungua.

Walipolikata lile bomba walilikunja kwa koleo, likajifunga lenyewe, hivyo vumbi halikuingia. Nikaukata ule mkunjo, nikalipasha bomba juu ya makaa, nikaliinamisha. Likatoka tone moja jeusi, zito. Kisha nikachukua bolti yangu, nikaielekeza kwenye jua, nikafunga jicho moja kama wewe. Nikaona mwanga. Tundu lilikuwa wazi.

Nikautoa mhimili. Mhimili uliokosa mafuta unageuka bluu, na pete zake zinachanika. Nimeona hivyo mara nyingi kwenye kazi za wengine. Huu haukuwa na bluu. Pete za shaba zilikuwa laini, nikaona mikwaruzo ile midogo ya kila siku tu. Turbo yako haikufa kiu. Mafuta yalikufikia mpaka juu ya mlima, mabaya kama yalivyokuwa, pamoja na mawese ya mama. Nililia kwa sauti, na majirani wakagonga mlango.

Ningeweza kuishia hapo na kulala usingizi wangu. Lakini mimi ni fundi, uliniita hivyo mwenyewe, na fundi haachi kuangalia upande wa pili. Upande wa moto, pale moshi unapopita, nilikuta ukoko mweusi umegandia mhimili, mnene, umeokwa juu ya chuma. Labda mawese yangu yaliuongeza unene, hilo silikatai. Lakini ukoko ule hauji injini ikiwa inanguruma. Unakuja injini iliyopanda mlima na mzigo inapozimwa saa hiyohiyo.

Wewe hukuwahi kuzima hivyo. Hata mvua, hata njaa, hata abiria akiumwa. Kwa hiyo hukuzima wewe, au ulizima kwa sababu hukupewa nafasi ya kumwomba shefu akuache umalizie. Chuma hakiniambii alikuwa nani, wala kilichofuata. Kinaniambia tu kwamba gari halikuwa na ubovu, ukafika juu ukiwa na nguvu zako zote, na mtu akakukatiza.

Nilikwenda kwenye kaburi la mama nikamjibu swali lake. Nilimwambia: haikuharibika, mama. Na nikamwambia ya mawese, maana chupa zilikuwa zake.

Halafu nilifanya kitu ambacho sijakifanya tangu ulipoondoka. Jirani yangu ana pikapu ya dizeli iliyochoka, na nilikuwa nimemkatalia mara mbili. Nikamfungia turbo, si yako, yako iko rafuni, sitaiweka kwenye gari lolote. Bomba la kurudishia nililipa mteremko wake. Tundu la kuingizia nilitoboa kubwa kidogo. Hapo ulikuwa na haki, nimechelewa kukubali. Jirani akanipa gari ili nilijaribu, nikampitia Mzee Amisi na baiskeli yake nyuma, tukashika barabara ya Kibombo.

Ule mlima bado ni mbaya, yaya. Gari liliupanda likivuta vizuri, nami nikasikia ile filimbi ya turbo uliyokuwa ukiipenda. Tulipofika juu, mzee akanionyesha: “Njo hapa.” Hakuna kitu pale sasa. Kuna majani, na mama mmoja anauza ndizi. Nikaegesha pembeni. Mzee akashuka, akaniangalia, akangoja nizime.

Sikuzima. Niliweka mkono juu ya usukani. Nilitaka kuzimalizia zilizokuwa zimebaki, lakini sijui walikukatiza ukiwa kwenye ya ngapi. Kwa hiyo nilianza ya kwanza, nikaenda taratibu, kidole kwa kidole, mpaka thelathini na tatu. Hakuna aliyenikatiza.

Kisha nikazima.

Pumzika sasa, yaya. Imepoa.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa tundu dogo,
Kindu